Mwito wa Saa Moja na Nusu

Mashua Winifred ilipanda fungu la tope Jumatano asubuhi, siku nane kabla ya Sikukuu ya Shukrani, bamvua, maji makuu ya mwezi, ikiwa imejaa pomoni. Haikugonga. Ingegonga, pengine Orrin Haskett angeshtuka mapema akarudisha injini nyuma. Ilipanda polepole juu ya tope laini, ikainua pua kidogo, ikatulia. Hata kahawa yake Orrin haikumwagika.

"Orrin," mkewe Verna aliita kutoka chini, alikokuwa akikaanga mayai. "Mbona tumesimama?"

"Hatujasimama."

"Naona nyasi dirishani, mzee, na nyasi haziendi."

Orrin akatazama kioo cha ramani mbele yake. Pale palikuwa na mstari wa buluu, njia aliyopita mwenyewe miaka minne iliyopita, na alama ya Winifred ilikuwa imekaa katikati yake sawasawa. "Mstari unasema hapa pana kina cha mita nne," akasema.

"Basi uambie uje utusukume."

Akarudisha injini nyuma kwa nguvu zote. Maji yakachafuka, moshi ukatanda, mashua ikatetemeka isiende popote. Tena nyasi za kando zilikuwa zimeanza kuonyesha mistari myeusi ya maji kwenye mashina yake. Maji yalikuwa yanapwa.

Kwetu sisi watu wa mashua, kukwama si habari. Kila vuli baridi inapoanza kuuma kule Maine na Chesapeake, tunateremka kusini kwa mikono ya maji ya pwani, mamia ya mashua, wazee wengi wetu, na asiyewahi kukwama hata mara moja ni mwongo au bado hajafungua kamba. Ukikwama maji yakiwa madogo, unachemsha kahawa, unangoja yajae yakuinue. Lakini ukikwama kwenye kilele cha bamvua, umekwisha. Kila maji yatakayofuata yatakuwa madogo kuliko yale yaliyokuleta, mpaka mwezi uzunguke.

Na huko Orrin alipokwama hapakuwa na mtu wa kupita. Ilikuwa hori ya Tolliver, mkono mwembamba wa maji katikati ya kinamasi cha Georgia, na kila mmoja wetu alijua imefungwa. Tufani ya Septemba ilihamisha fungu na kulitupa katikati ya njia. Jambo hilo lilitangazwa kwenye mwito wa asubuhi, si mara moja wala mbili. Orrin hakusikia kwa sababu alikuwa amenuna.

Afadhali nieleze, maana hapa ndipo penye ujinga wenyewe. Kila siku saa moja na nusu asubuhi tunafungua redio, na mmoja wetu anaita majina ya mashua, moja baada ya jingine. Unajibu "nipo." Basi. Anayetaka kipuri anasema, mwenye mgonjwa anasema, hali ya njia inatangazwa, kila mtu anarudi kwenye kifungua kinywa chake. Mwita majina wetu ni Chester Lindqvist wa Bluebell, na yeye na Orrin wameshuka pamoja kusini majira tisa ya baridi. Siku kumi na mbili kabla ya kukwama, kule Carolina, upepo uligeuka jioni, Winifred ikazunguka kwenye nanga yake na kuigusa Bluebell ubavuni. Hakuna kilichovunjika. Kesho yake kwenye mwito, Chester akasema mbele yetu sote, mashua arobaini na moja: "Orrin, mzee wangu, nanga hufungwa kamba ndefu. Hiyo yako uliifunga kamba ya kiatu?"

Tukacheka. Mimi nilicheka mpaka nikaminya redio ili wote wanisikie nacheka. Orrin alichomoa fyuzi ya redio akaitia mfukoni mwa koti, ili hata Verna asiweze kuifungua.

"Nuna wewe," Verna alimwambia. "Mimi kule nina shoga zangu, kwa nini ninuniwe na redio?"

"Wacha wacheke wenyewe," akajibu.

Tangu siku hiyo Winifred ikawa inatia nanga peke yake, kando kando. Na ile hori ya Tolliver aliichagua kwa sababu inakata mizunguko miwili mikubwa. Sikukuu ya Shukrani sisi hukusanyika kwenye mji mmoja mdogo mpakani mwa Florida. Wenyeji wanatoa bata mzinga, sisi tunaleta vya pembeni, na anayefika kwanza anapata nafasi nzuri gatini, karibu na ngazi. Orrin alitaka kufika kabla ya Bluebell, akae kwenye kiti chake na kikombe mkononi, amtazame Chester akihangaika kutafuta pa kufunga. Hiyo ndiyo ilikuwa safari nzima.

Basi siku ile ya Jumatano, badala ya kurudisha fyuzi na kuomba msaada, akashusha boti ya mpira akapakia nanga ndogo, aipeleke kwenye maji ya kina, kisha waivutie mashua kwa winchi. Ni kazi anayoijua. Nanga ilikwenda vizuri. Lakini maji ya Georgia hayana subira, yanashuka mita mbili na nusu ndani ya saa sita, na aliporudi boti ya mpira ikakwama juu ya chaza, hatua kumi tu kutoka Winifred.

"Usishuke!" Verna alimwambia. "Nakutupia kamba."

"Hatua kumi, Verna."

Akashuka. Hatua ya kwanza tope lilimmeza mpaka gotini, ya pili mpaka mapajani, na alipojitupa mbele kujiokoa, mguu wa kulia ukapita juu ya makali ya chaza yaliyojificha chini ya tope. Chaza wanakata kuliko wembe. Akapiga ukelele, akaachia boti ya mpira ili ashike alichoweza kushika, na maji yanayopwa yakaichukua ile boti, yakaizungusha mara mbili, yakaondoka nayo.

Verna aliendesha basi la shule miaka ishirini na sita kwenye barafu ya Maine, na watu wanasema hakuwahi kupaza sauti. Hakupaza. Alimtupia kamba, akamwambia aipitishe chini ya kwapa, akaizungushia kwenye winchi, akaanza kukaza. Alikaza, akapumzika, akakaza. Tope liliachia mguu mmoja na kiatu chake, wa pili ukatoka bila kiatu. Alipompandisha sitahani, Orrin alikuwa mweusi mwili mzima isipokuwa pale kwenye muundi, palipokuwa pamefunguka mpaka weupe ukaonekana.

"Nipe maji niusafishe," Verna akasema peke yake, maana aliyekuwa wa kumpa hakuwepo. Akateremka mwenyewe. Aliosha jeraha kwa maji safi ya tangini bila kuyabania, akalifunga kwa shuka iliyochanwa. Ilikuwa vizuri hakuyabania, kwa sababu tangi lile hakulitumia tena.

Kufika adhuhuri Winifred ilikuwa imelala ubavu, na antena ya redio kubwa imelala nayo nyasini, hata fyuzi isingesaidia. Ukitaka kutembea chini ulitembea ukutani. Chaza wakatoboa ubao upande wa kulia, ufa wa urefu wa kiganja, pale pale penye tangi. Maji yalipojaa tena jioni, kabla Verna hajaupata ule ufa na kuukandamizia mto wa kulalia na kipande cha ubao, bahari ilikuwa imejaza ngama nzima, lile tumbo la chini ya mashua. Betri zikazama, redio kubwa ikafa pamoja nazo, na tangi likawa la chumvi. Simu hazikuwa zimeshika mtandao horini tangu asubuhi; ya Orrin sasa ilikuwa topeni na kiatu chake. Ya Verna ilianguka kutoka rafuni ikalala kwenye maji ya ngama. Fataki za hatari zilikuwa sita, zote zimepitwa na wakati, kama za kwetu sote, nisijifanye. Tatu ziliwaka. Kati ya hori ile na njia kuu ya mashua kulikuwa na kilomita nne za nyasi, na hakuna aliyeziona.

Verna akapanga vilivyobaki juu ya mto mwingine: chupa nne za maji, nusu birika, makopo ya pichi, maharage, siagi ya karanga, na viazi vitamu vya pai ya sikukuu.

"Tutatafutwa," Orrin akasema.

"Na nani?"

"Wenzetu."

"Orrin, mtu aliyenuna hatafutwi. Wanajua tuko mahali tunanuna."

Ilikuwa kweli, na Orrin alijua.

Alhamisi asubuhi Verna alikuwa akitafuta kofia za sufu kwenye droo, ndipo akakuta ile redio ndogo ya mkononi. Ilikuwa ya zamani, ya kusikia zaidi kuliko kusema, na chaji yake ilikuwa imebaki kijistari kimoja. Kwanza akaita kwenye chaneli ya dharura, mara tatu. Kimya. Kisha akatazama saa. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na nane.

Wakakaa wote wawili juu ya ubavu wa mashua, mgongo kwa mgongo kwa sababu ya baridi. Sauti ya Chester ikaja, nyembamba lakini safi.

"Habari za asubuhi wazee, nikiita jina jibu, usihutubie. Osprey?"

"Osprey nipo."

"Winifred?"

Orrin akainua kichwa.

"Winifred," Chester akaita tena. "Winifred." Akangoja. Ukimya ulikuwa mrefu. Kisha: "Cordelia?"

"Cordelia nipo," mtu akajibu. Mtu huyo ni mimi.

"Bado ananiita," Orrin akasema.

"Una jina kwenye orodha. Kwa nini asikuite?"

"Siku zote hizi? Kila asubuhi, mimi sijibu, yeye anaita?"

Kanuni yetu ni hiyo. Jina halifutwi mpaka mwenyewe aseme, nifuteni, nimefika ninapokwenda. Orrin hakusema; alichomoa fyuzi tu. Na Chester alikuwa akimwita mara tatu kila asubuhi na kumngoja, mara tatu, wakati wengine wote aliwaita mara moja. Mimi nilikuwa nafuata kwenye orodha, kwa hiyo ule ukimya niliungoja na kikombe mkononi. Siku ya kumi nilimwambia Chester mwenyewe, "Mfute huyo, ananuna, kahawa inapoa." Chester akasema, "Hajaniambia nimfute."

Verna aliminya redio. "Winifred tupo! Tumekwama hori ya Tolliver, tuna majeruhi!" Akaachia. Chester alikuwa anaendelea na Halcyon, hajasikia lolote. Akaminya tena, hivyo hivyo. Mwisho wa mwito Chester akatangaza hali ya njia: "Na hori ya Tolliver, nawakumbusha tena, imefungwa. Msijaribu."

Orrin akajifunika uso kwa kofia.

"Sema tu," Verna akamwambia.

"Niseme nini?"

"Lolote. Mimi sitacheka."

Siku ile ilipita polepole. Jua lilikuwa zuri, nyasi zimekwisha kugeuka rangi ya dhahabu, na usubi walikuja mchana kuwala masikio. Verna alibadilisha kitambaa cha jeraha mara mbili. Alipiga pampu kwa mkono kila maji yalipojaa, akimimina nje bahari iliyopenya kwenye ule mto, maana Winifred bado ilikuwa inajaribu kuinuka. Ilijinyanyua kutoka ubavuni, ikasimama nusu, ikashindwa, ikalala tena.

Ijumaa alipanda juu ya boriti ya tanga, akashikilia mlingoti kwa mkono mmoja, akanyoosha redio juu kwa mkono mwingine. Chester akaita Winifred, Winifred, Winifred. Verna akaminya.

Sasa hapa niseme ukweli, kwa sababu wenzangu wote wanaujua. Sikungoja. Baridi ilikuwa kali, kahawa ilikuwa tayari, na jina lilikuwa la Orrin mnunaji. Chester hakuwa hata amefika kwenye jina langu nikasema, "Cordelia nipo." Redio yangu ni kubwa, yenye nguvu, antena yake iko juu kabisa ya mlingoti. Ilimfunika yule mama kama blanketi.

"Cordelia, subiri," Chester akasema. "Nimesikia kitu."

"Ni hewa tu, Chester. Endelea."

Akaendelea. Verna alibaki juu ya boriti na redio mkononi. Amenisimulia kwamba hapo ndipo alipolia, mara moja tu, na alilia kwa hasira.

Aliposhuka alimkuta Orrin anatetemeka. Wekundu ulikuwa umepanda kutoka kwenye muundi mpaka juu ya goti, na ngozi ilikuwa ya moto kama sufuria. Akamfungulia kopo la pichi akamnywesha maji yake yale matamu, maana chupa ilikuwa imebaki moja. Yeye mwenyewe alilowesha midomo tu. Mchana pomboo watano waliingia horini, wakawasukuma samaki mpaka wakaruka juu ya tope, nao pomboo wakajitupa nyuma yao nusu mwili, wakala, wakateleza kurudi majini. Wote wawili waliwatazama.

"Hata wao wanapanda fungu," Orrin akasema.

"Wao wanajua kushuka."

Akacheka, kisha akaacha. "Nilitaka nifike kabla yake, Verna."

"Najua."

"Ungenikataza."

"Nilikukataza. Ulikuwa umechomoa na masikio."

Akamshika mkono. "Huu mguu unanipeleka, mama."

"Haukupeleki popote leo," Verna akasema, lakini alikuwa ameshaona ule wekundu ulivyokwenda tangu asubuhi, na alijua kesho kutwa utakuwa umefika wapi.

Akakaa akapiga hesabu. Chester alisikia kitu kutoka urefu wa boriti. Kutoka juu ya mlingoti angesikia maneno. Lakini maji huchelewa kujaa karibu saa nzima kila siku, na kila siku yanazidi kuwa madogo. Jumamosi saa moja na nusu maji yangekuwa yameanza tu kuinyanyua Winifred. Jumapili saa hiyo ingekuwa bado imelala ubavu, mlingoti ukitazama nyasi. Tena chaji ya redio ilikuwa inapepesa. Asubuhi ilikuwa imebaki moja.

"Nitapanda," akasema.

"Hujawahi kupanda. Hata kule gatini hujawahi."

"Na wewe hujawahi kunyamaza siku kumi na mbili. Mwaka huu tunajaribu vitu vipya."

Jumamosi, kulipopambazuka, akamburuta Orrin mpaka kwenye winchi ya mlingoti, akamkalisha, mguu ukanyooshwa juu ya tanga lililokunjwa. Alimfungia mkononi ufunguo wa winchi kwa kitambaa, ili akizirai usianguke majini. Yeye akaingia kwenye kile kiti cha turubai cha kupandia, akaikaza kamba kiunoni. Winifred ilikuwa imeinama sana, mlingoti ukienda juu kwa mshazari juu ya kinamasi. Akaupanda kwa kuukumbatia, kwa mapaja na mikono, kama mtu apandaye mnazi ulioinama.

"Kaza," akasema.

Orrin akakaza. Kila mzunguko alitoa sauti. Alikuwa anatokwa jasho katika baridi ile, na macho yake yalikuwa yanateleza.

"Orrin! Nihesabie."

"Kumi na nne," akasema. "Kumi na tano."

"Usiache kuhesabu. Ukiacha najua umelala, na mimi niko huku."

"Kumi na sita."

Alipopita nusu, mashua ililalama. Uzito wake ulikuwa unaivuta Winifred irudi ubavuni, naye akausikia mlingoti ukishuka chini yake, kidogo, kisha ukasimama. Chini yake hapakuwa na maji wala sitaha, palikuwa na tope na chaza. Akafumba macho. Akangoja. Maji yalikuwa yanajaa, na dakika mbili baadaye alisikia mashua ikijinyanyua tena, taratibu, ikimpandisha yenyewe.

"Thelathini na tisa," Orrin akasema huko chini.

"Acha kuhesabu sasa. Nimefika."

Akaiona njia kuu. Baada ya siku tatu za nyasi aliiona, kamba nyembamba ya maji meupe, na milingoti yetu midogo kama sindano, imetia nanga nyuma ya kisiwa. Alikuwa ametuona sote kabla hatujamsikia.

Akafungua redio. Taa yake ilikuwa nyekundu.

Kwenye Cordelia nilikuwa nimekaa na kikombe changu. Chester alianza kwa namna isiyo ya kawaida. "Wazee, leo nikiita jina moja, nataka wote watoe mkono kwenye redio. Cordelia, na wewe. Hasa wewe."

"Sawa, baba mkwe," nikamtania. Watu wakacheka.

"Osprey?"

"Osprey nipo."

"Winifred. Winifred. Winifred."

Nikaweka kikombe chini. Kwanza ulikuja mlio, kisha sauti ya mwanamke, kwa mbali, tulivu kama anaitisha watoto wapande basi.

"Winifred tupo. Hori ya Tolliver. Orrin ana jeraha la mguu na homa, hatuna maji. Tolliver. Tol—"

Ikakatika.

Mimi nilikuwa naangalia mkono wangu, ule ulioiminya redio jana.

"Winifred, nimekusikia," Chester akasema, ingawa kule redio ilikuwa imeshakufa. "Nimekusikia, mama. Tunakuja."

Walinzi wa pwani walituma helikopta, lakini aliyefika kwanza alikuwa Cephus Mungin, mvuna chaza wa pale pale, mwenye boti bapa ya feni kubwa nyuma inayopita juu ya tope kama juu ya maji. Chester alikuwa amesimama mbele ya boti hiyo, suruali ya kulalia, jaketi la kuokolea amelivaa kinyume. Verna alikuwa bado yuko juu. Orrin alikuwa amemshusha nusu, akazirai, na ufunguo wa winchi ulikuwa bado umefungwa mkononi mwake.

"Mama, shikilia hapo hapo," Cephus akamwambia. "Nakuja na ngazi."

"Mimi sina haraka. Mchukueni huyo."

Wakamlaza Orrin kwenye boti. Alifumbua macho akamwona Chester, akamtazama kwa muda mrefu.

"Ulikuwa unaniita," akasema.

"Hukuniambia nikufute."

Orrin akahangaika na mfuko wa koti, akatoa kitu kidogo cha kioo, akakiweka kwenye kiganja cha Chester.

"Nini hiki?"

"Masikio yangu."

Chester akafunga kiganja. Alijaribu kumtania, alitaka kusema kitu kuhusu kamba za viatu, akashindwa, akalia tu mbele ya Cephus Mungin, ambaye aliongeza mwendo ili kelele za feni zimsitiri.

Mguu ulipona, baada ya kupasuliwa mara mbili na sindano za siku nyingi. Daktari alisema siku moja zaidi na asingekuwa anazungumzia mguu. Winifred haikupona. Bamvua nyingine ilikuwa mbali, na kabla haijafika pepo za kaskazini zilivuma siku mbili mfululizo, fungu likaivunja mgongo. Tulikwenda na Cephus tukatoa tulichoweza: vyungu, matanga, kioo cha ramani chenye ule mstari wa buluu. Viazi vitamu Verna aliviokoa mwenyewe.

Jumanne, siku mbili kabla ya sikukuu, nilikwenda hospitali kuwaona. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nikayasahau mlangoni. "Verna," nikasema, "ile Ijumaa ni mimi."

"Najua. Nilikusikia vizuri sana."

"Sina la kusema. Nimekosa."

Akanitazama. "Kahawa yako ilikuwa ya moto?"

"Ilikuwa ya moto."

"Haya. Angalau mmoja wetu alikunywa." Akanisogezea kiti.

Nilipokuwa natoka, Orrin aliniuliza polepole kama ninayo redio ya mkononi ya kumwazima. Dirisha lake, akasema, linatazama mto.

Asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani tulikuwa tumejaa gatini, mashua arobaini. Nafasi ile nzuri karibu na ngazi ilikuwa wazi. Hakuna aliyeamriwa kuiacha, na kila aliyefika alipita akaenda kufunga mbele. Saa moja na nusu ikafika. Nilikuwa na kikombe, nikakiweka mbali kabisa na mkono wangu.

"Habari za asubuhi wazee. Osprey?"

"Osprey nipo."

Chester akakohoa. "Winifred," akaita. Mara moja tu, kama wengine.

Tukangoja. Bata mzinga walikuwa wameanza kunukia kutoka ukumbini. Hakuna aliyegusa redio yake.

"Winifred," ikaja sauti ya Orrin, na nyuma yake muuguzi akiuliza nani kamruhusu hicho kidude. "Hatuna mashua. Lakini tupo."

"Umeandikwa," Chester akasema. "Cordelia?"

Nilichelewa kujibu. Wote waliningoja, na hakuna aliyelalamika.

"Nipo," nikasema.